Mwanafunzi wa uhandisi ni wa nani, chuo au kiwanda?

Nilipokwenda mafunzo yangu ya kwanza ya vitendo, PT kama tulivyozoea kuyaita, nilifika getini saa moja asubuhi nikiwa na barua ya utambulisho yenye muhuri wa chuo, ovaroli mpya na daftari la kuandikia kazi za kila siku. Mlinzi akaisoma barua, akanielekeza ofisi ya utumishi. Utumishi wakanipeleka karakana. Karakana wakanirudisha utumishi. Saa sita mchana ndipo nilipopata pa kukaa, na kazi yangu kwa wiki mbili za mwanzo ikawa kufagia mabaki ya vyuma chini ya mashine za kukereza. Hakuna aliyenionea. Watu wa kile kiwanda walikuwa wakarimu na chai nilikunywa nao, lakini hakuna aliyejua mimi ni nani mle ndani: si mfanyakazi wao, si mgeni wao, wala si mwanafunzi wao.

Wiki ya tatu fundi mchundo mmoja wa makamo aliniita. "Mwanangu, hiki chuma kinatakiwa kiwe milimita arobaini. Kipime." Nikapima, nikamwambia kimezidi kwa sehemu mbili za mia za milimita. "Kimetoka kwenye mashine sasa hivi," akasema, "kishike uone kilivyo na moto. Kaa nacho kipoe, kisha upime tena." Kilipopoa kilikuwa arobaini kamili. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimefaulu mtihani wenye swali la kutanuka kwa metali. Kanuni yake niliijua kwa moyo. Sikuwahi kuiona ikifanya kazi mkononi mwangu.

Swali la mimi ni wa nani limenifuata tangu siku hizo, na kila ninapotazama namna nchi mbalimbali zinavyounganisha vyuo vya uhandisi na viwanda, naona tofauti kubwa kati yao zinatokana na jibu la swali hilo. Mikataba ya ushirikiano inafanana kila mahali, na hotuba za siku ya kuisaini zinafanana pia. Kinachotofautiana ni ile asubuhi kijana anapofika getini: nani anamlipa, nani anamfundisha, nani ataulizwa asipojifunza kitu, na nani atamtibu mashine ikimkata kidole.

Wawili kwa mashine moja

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mpango wa kusoma na kufanya kazi kwa zamu ni Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi nchini Marekani. Alikuwa amegundua kwamba wahitimu waliokuwa wakifanya vizuri kazini ni wale waliowahi kufanya kazi wakiwa bado wanasoma. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati jimboni Ohio, alianza na wanafunzi 27. Aliwapanga kwa jozi. Wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake yuko kiwandani. Wiki inayofuata wanapokezana. Kiwandani walilipwa ujira.

Habari hii ikisimuliwa, sifa zote hupewa wazo la kuchanganya nadharia na vitendo. Mimi kinachonivutia ni zile jozi. Wanafunzi wawili wakipokezana nafasi moja, mashine haikai bila mtu. Meneja wa kiwanda hakuombwa hisani ya kumpokea mtoto wa watu kwa wiki chache kisha aachiwe pengo. Alipewa nafasi ya kazi iliyojaa mwaka mzima, na sharti moja tu, kwamba anayeijaza anabadilika kila Jumatatu. Schneider alikuwa ameelewa kwamba kiwanda kina ratiba yake, na ratiba hiyo haifuati likizo za chuo. Akabadilisha ratiba ya chuo.

Nusu karne baadaye Kanada walilichukua wazo hilo wakalipanua. Wenye viwanda wa miji ya Kitchener na Waterloo, akiwemo Ira Needles aliyekuwa mkuu wa kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich nchini humo, walitaka chuo kitakachowapa wahandisi haraka. Chuo Kikuu cha Waterloo kikafunguliwa 1957, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa uhandisi. Mpaka leo wanasoma miezi minne, wanafanya kazi miezi minne, hivyo hivyo hadi mwisho, na shahada inachukua karibu miaka mitano. Wakati kundi moja liko kazini, jingine liko darasani, kwa hiyo chuo hakina likizo ndefu na mwajiri anaweza kupata mwanafunzi mwezi wowote. Kutafuta nafasi za kazi ni shughuli ya idara nzima ya chuo, na mwanafunzi hapelekwi kwa barua: anaomba kazi, anafanyiwa usaili, anaweza kukataliwa. Kwa mwaka wanaopita katika mpango huo ni zaidi ya 20,000.

Linganisha na kwetu Tanzania. Vyuo vyote huwaachia wanafunzi wao kipindi kimoja, ile likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Kiwanda kimoja kinapokea barua kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoka DIT, kutoka Mbeya, kutoka Chuo cha Ufundi Arusha, zote zikiomba wiki zile zile. Karakana inafurika vijana kwa miezi miwili, kisha inabaki kimya miezi kumi. Msimamizi mwenye vijana kumi na tano kwa wakati mmoja atafanya nini zaidi ya kuwapa ufagio? Angeletewa watatu watatu mwaka mzima, angewajua kwa majina. Jambo hili halihitaji mfadhili wala mtaala mpya. Linahitaji wakuu wa vyuo vinne vitano wakae na kalenda mezani, na nashangaa kwamba katika miaka yote tunayozungumzia ajira kwa vijana, kalenda haitajwi.

Kampuni kwanza, chuo baadaye

Ujerumani walikwenda mbali zaidi ya zamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni za Stuttgart, zikiwemo Daimler-Benz na Bosch, ziliona vijana waliomaliza sekondari ya juu wakimiminikia vyuo vikuu na kuuacha uanagenzi, ile njia ya miaka mingi iliyowapa Wajerumani mafundi wao. Zikabuni njia ya tatu: mwanagenzi anayesomea shahada. Mwaka 1974 jimbo la Baden-Württemberg likafungua vyuo vya namna hiyo Stuttgart na Mannheim, na tangu 2009 vimekuwa chuo kikuu kimoja cha serikali chenye matawi jimboni kote, kikishirikiana na kampuni na taasisi zinazofikia 9,000.

Utaratibu wake unageuza mambo juu chini ukilinganisha na tulivyozoea. Kijana haanzi kwa kuomba chuo. Anaomba kampuni. Kampuni ikimkubali, inasaini naye mkataba wa miaka mitatu, na mkataba huo ndio unaompa nafasi chuoni. Miezi mitatu yuko darasani, miezi mitatu yuko kazini, na mshahara unaingia hata miezi ya darasani. Bima anayo kama mwajiriwa. Anapofika getini siku ya kwanza, mlinzi tayari ana jina lake.

Kwa nini kampuni ikubali gharama yote hiyo? Hesabu yake ni rahisi. Kijana aliyekaa nao miaka mitatu wameshamjua: anavyofika kazini, anavyoshika chombo, anavyopokea kosa lake. Akihitimu, wengi hubaki pale pale, na kampuni imeokoa miezi ya kumzoesha mtu mgeni. Wasiwasi wa kila mwajiri ni jirani kuja kumnyakua aliyefundishwa kwa fedha zako. Huko wasiwasi huo ni mdogo kwa sababu jirani naye anafundisha. Kila mmoja amepanda, hakuna anayeishi kwa kuvuna shamba la mwenzake.

Njia hii ina kasoro zake, nazo ni za kweli. Kijana aliyekuzwa na kampuni moja anaijua mashine ya kampuni hiyo kuliko anavyoijua fani. Utafiti wa kina haupati nafasi kwenye ratiba ya miezi mitatu mitatu. Na mwaka wa uchumi mbaya, kampuni zikipunguza mikataba, nafasi za chuo nazo zinapungua siku hiyo hiyo. Zaidi ya yote, mfumo huu unadai jimbo lililojaa viwanda. Anayesema tuuhamishe kutoka Ujerumani tuulete Dodoma kama ulivyo hajahesabu mageti ya viwanda kati ya Morogoro na Singida.

Nusu iliyopotea

Hapa ndipo naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu fundo kubwa la mjadala wetu liko hapa. Mwenye kiwanda wa Dar es Salaam au Nairobi analalamika: "Vyuo vinatuletea watu wasiojua kazi." Mhadhiri anajibu kwamba chuo hakikuundwa kumtengenezea mtu yeyote fundi wa mashine yake. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja akisimama kwenye mila tofauti.

Afrika Mashariki tuliurithi mtindo wa Kiingereza. Katika mtindo huo, mhandisi hutengenezwa kwa awamu mbili. Chuo kinampa nadharia na misingi, kisha mhitimu anaingia kazini chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka kadhaa, na akishathibitika ndipo anasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Shahada ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni ya mwajiri, tangu mwanzo ilikuwa yake. Wajerumani na wale wa Cincinnati walizifunga nusu mbili pamoja; Waingereza waliziacha zifuatane.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru nusu ya pili ilibebwa na mashirika ya umma: reli, umeme, bandari, viwanda vya nguo, karakana kubwa za serikali. Yalikuwa na shule zao za mafunzo na ratiba za kuwazungusha wahitimu idara kwa idara. Miaka ya 1990 mengi yakabinafsishwa, mengine yakafa, na yaliyobaki yakapunguza watu. Aliyenunua kiwanda alinunua mashine na kiwanja. Wajibu wa kuwakamilisha wahandisi haukuandikwa kwenye hati ya mauzo. Chuo kikaendelea kutoa nusu yake kama kawaida, na ghafla ikaonekana chuo ndicho kimeharibika.

Tanzania kuna jitihada ya kuiokoa nusu hiyo ambayo haisifiwi inavyostahili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango unaojulikana kwa kifupi SEAP. Mhandisi mhitimu anawekwa kazini kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi aliyesajiliwa, akiandika kila anachofanya, akipimwa kwa hatua, mpaka anafikia kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Kiasili ni nusu ya pili ya mtindo wa Kiingereza, imerudishwa kwa mkono wa bodi baada ya mashirika kuiangusha. Aliyepita humo ana jibu la swali la mimi ni wa nani: ni wa mlezi wake, mwenye jina na namba ya usajili. Kikwazo ni kwamba wahitimu ni wengi na walezi, nafasi na posho ni chache.

Mezani pia kuna suala la nani anaamua kinachofundishwa. Ufaransa, tume inayotoa ithibati kwa shahada za uhandisi imekuwepo tangu 1934, na nusu ya wajumbe wake wanatoka upande wa waajiri na wahandisi wa kazini, nusu nyingine vyuoni. Mtu wa kiwanda haalikwi kutoa maoni siku ya kongamano, anapiga kura. Kimataifa kuna Mkataba wa Washington wa 1989 ambao nchi sita, Australia, Ireland, Kanada, Marekani, New Zealand na Uingereza, zilikubaliana kutambuliana shahada za uhandisi. Afrika Kusini ilijiunga 1999. Mkataba huo hauangalii idadi ya vipindi. Unaangalia mhitimu anaweza kufanya nini, pamoja na kufanya kazi na wenzake na kueleza kazi yake ikaeleweka.

Tozo, na hasira ya mlipaji

Nchi ambazo viwanda haviwapokei vijana kwa hiari zimejaribu njia ya sheria. Nigeria iliunda mfuko wa mafunzo ya viwandani mwaka 1971, waajiri wakatakiwa kuchangia asilimia moja ya mishahara ya mwaka, na 1973 ukaanzishwa mpango unaowapeleka wanafunzi wa uhandisi kazini kwa miezi sita mfululizo. Kenya mwajiri analipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani ndiyo inayosimamia wanafunzi wanaokwenda atachimenti, kama wanavyoiita PT huko. Tanzania tuna tozo ya kuendeleza ujuzi, inayohesabiwa kwa asilimia ya mishahara kwa mwajiri mwenye watu kumi na zaidi. Mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5.

Ukiwasikiliza waajiri wakizungumzia tozo hii, utasikia neno moja: kodi. Nao wana sababu. Fedha ikishaingia serikalini, aliyeilipa haoni kijana yeyote anayeweza kusema "huyu nimemsomesha mimi". Ubaya ni kwamba inazaa tabia ya pili. Kijana akibisha hodi, mwajiri anajiambia kwamba mchango wake wa mafunzo ameshautoa, kwa nini afundishe tena bure? Tozo iliyokusudiwa kufungua geti inampa sababu ya kulifunga. Naamini dawa yake ni kurudisha sehemu ya tozo moja kwa moja kwa kiwanda kwa kila mwanafunzi aliyepokelewa na kufundishwa vizuri, kwa cheti cha chuo kinachothibitisha hivyo. Mwajiri anayefundisha alipe pungufu kuliko asiyefundisha. Hapo hesabu zake mwenyewe zitamfanya awe mlezi.

Mhadhiri naye aende

Tunapozungumzia kupeleka watu viwandani tunawafikiria wanafunzi. Mwalimu wao je? Wahadhiri wengi wa uhandisi, na nasema hivi kwa heshima kwa sababu wamenifundisha, walipata alama za juu katika shahada ya kwanza, wakabakizwa chuoni kama wasaidizi, wakaenda uzamili, wakaenda uzamivu, wakarudi kufundisha. Kiwandani waliingia mara ya mwisho wakiwa wanafunzi wa PT. Sasa ndio wanaokwenda kuwakagua wanafunzi wa PT, nusu saa, sahihi kwenye daftari, gari linageuza.

Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza imekuwa na mpango kwa vyuo vya Afrika kusini mwa Sahara, ulioanza kwa majaribio kwa fedha za mfuko wa kampuni ya madini ya Anglo American na kukua tangu 2016, ambao unashika jambo hili mahali pake. Chuo kimoja kinakuwa kitovu, vyuo jirani vinajiunga nacho, na wahadhiri wanakwenda kufanya kazi kiwandani kwa muda, wakirudi na matatizo halisi ya kuwapa wanafunzi. Wahandisi wa viwandani nao wanakuja kufundisha. Mhadhiri mmoja aliyekaa miezi miwili kwenye kiwanda cha saruji atabadilisha masomo ya wanafunzi mia kwa mwaka, mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi mmoja aliyekaa miezi miwili pale amebadilika yeye peke yake. Kama fedha ni ya kutosha kwa mmoja tu, mimi ningempeleka mhadhiri.

Kutoka Reykjavik hadi Olkaria

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Olkaria, kwenye visima vya mvuke karibu na Naivasha nchini Kenya, na ulianzia mbali sana, kwenye kisiwa cha barafu na mvuke kaskazini ya Atlantiki.

Iceland hupasha joto nyumba zake na kuzalisha sehemu ya umeme wake kwa jotoardhi, yaani joto litokalo chini ya ardhi. Mwaka 1978 nchi hiyo, pamoja na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, ilianzisha mafunzo ya jotoardhi kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea. Tangu 2020 yako chini ya mwavuli wa UNESCO. Ni miezi sita. Mtu anachagua fani moja: uchorongaji, jiolojia ya visima, kemia ya maji ya moto, tabia ya hifadhi ya mvuke chini ya ardhi, na nyinginezo. Wakufunzi ni watu wenye visima vyao vya kuhudumia kesho asubuhi.

Siri yake iko kwenye masharti ya kuingia. Huombi wewe kama wewe. Unatumwa na mwajiri anayefanya kazi ya jotoardhi, na kwake ndiko unakorudi. Wengi hubeba takwimu za visima vya kwao na kuzifanya kuwa mradi wao wa mwisho. Kwa hiyo Mkenya anayekaa miezi sita Iceland anaweza kuwa anachambua kisima cha Olkaria muda wote huo, akisaidiwa na watu waliokwishaona visima mamia. Anaporudi, ripoti yake inaingia ofisini na kuanza kutumika.

Kenya imepeleka watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Olkaria ilianza na mtambo mmoja wa megawati 15 mwaka 1981, ikafika megawati 45 mwaka 1985, kisha ikasimama kwa miaka mingi. Katika miaka ile ya kusubiri wataalamu hawakutawanyika wote, kwa sababu walikuwa waajiriwa wenye visima vya kutunza. Fedha zilipopatikana walikuwepo. Mwaka 2014 kituo cha Olkaria IV peke yake kilikuwa na megawati 140, na leo karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya inatokana na jotoardhi. Tangu 2005 kozi fupi za mpango ule zimekuwa zikifanyika Kenya kwa ajili ya Waafrika wengine. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi yake ya jotoardhi. Na KenGen, shirika la kuzalisha umeme lililokuwa likipeleka wanafunzi, tangu 2019 limekuwa likichukua kandarasi za kuchoronga visima Ethiopia na baadaye Djibouti.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Kisima kilikuwepo, mwajiri akawepo, ndipo mwanafunzi akatumwa, na chuo cha nyumbani kikaja mwisho. Sisi aghalabu tunaanza na chuo na kumaliza na matumaini. Tanzania tunayo jotoardhi, Ngozi karibu na Mbeya na maeneo mengine ya nyanda hizo, na tuna kampuni ya umma iliyoundwa kuiendeleza. Vijana watakaochoronga kule wasisubiri mtaala ukamilike. Wapelekwe Olkaria wakiwa na ajira na takwimu za Ngozi mkobani. Kwa basi tu wanafika.

China imepita njia iliyo karibu na hiyo. Wakati reli ya TAZARA inajengwa, vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa mwaka 1972 kusomea uhandisi wa reli Beijing, katika chuo kinachoitwa sasa Beijing Jiaotong. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, wanafunzi wa Kenya wakapelekwa chuo hicho hicho kwa udhamini wa kampuni ya Kichina iliyojenga reli ya Mombasa na Nairobi. Mhitimu anarudi akiijua reli aliyosomea, na hilo ni jema. Ninachokitilia shaka ni kwamba chuo cha nyumbani kiliachwa nje ya safari nzima. Mhadhiri wa Nairobi au Dar hakufundisha wala hakufundishwa, na reli ya tatu ikija wanafunzi watapanda ndege tena.

Pale kiwanda kisipokuwepo

Yote niliyoeleza yanachukulia kwamba kuna kiwanda. Kampala walikuwa na swali gumu zaidi. Wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walishirikiana kuanzia 2007 na wenzao wa vyuo vya mabara mengine, wakiongozwa na wanafunzi wa MIT ya Marekani, katika mradi wa kubuni gari linalotumia nishati kidogo. Baada ya mradi huo hawakuwa na kampuni ya magari ya kuwaajiri Uganda nzima. Chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa wakaunda gari lao la umeme, Kiira, lililotoka 2011. Serikali ikaweka fedha, mradi ukageuka kampuni, mwaka 2016 likaonekana basi la Kayoola lenye paneli za jua juu, na kiwanda kikajengwa Jinja. Biashara yake ina safari ndefu, wala sidai kwamba imeshinda. Nasema chuo kilipokosa geti la kubisha kilijenga geti, na leo wanafunzi wa Uganda wana mahali pa kwenda kuona basi likiunganishwa tangu chasisi.

Na kuna mageti mengine ambayo hatuyahesabu kwa sababu hayana mlinzi. Mtaa wa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Kamukunji, Nairobi. Katwe, Kampala. Huko wanayeyusha alumini, wanatengeneza mashine za kukoboa na kusaga, wanachonga gia kwa kutazama ile iliyokatika. Fundi wa Gerezani anajua chuma gani kinapasuka kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua kwa nini kinapasuka. Kila mmoja ana nusu ya jibu na wanaishi dakika ishirini za daladala. Sijaona barua ya PT iliyoandikwa kwenda Gerezani. Ni kweli hakuna msimamizi mwenye shahada wa kutia sahihi, na usalama ni tatizo kubwa, miwani ya kuchomelea ni ya kuazimana. Basi mhadhiri aende na wanafunzi sita, chuo kitoe miwani na bima, fundi alipwe kama mkufunzi wa muda kwa viwango vile vile anavyolipwa mgeni mwingine wa chuo, na mwisho wa wiki nane wamwachie mchoro uliopimwa wa mashine yake, wenye vipimo ambavyo fundi mwingine anaweza kuvifuata.